Goti la Mchezaji: Namna Linavyoumia na Namna ya Kulikinga

Mwalimu anayesimama kando ya uwanja wa netiboli wa shule ya sekondari, akiwa mwangalifu, ataona jambo moja likirudiwa mara nyingi katika mchezo mmoja. Mchezaji anakimbia, anaruka, anadaka mpira hewani, anatua kwa mguu mmoja na kusimama ghafla, kwa kuwa sheria haimruhusu kuendelea kukimbia na mpira mkononi. Kisha anageuka juu ya mguu ule ule akitafuta mwenziwe wa kumrushia, na yote hayo sharti yamalizike kabla ya sekunde 3 kupita. Takriban kila mara hakuna baya linalotokea. Lakini hutokea siku moja mchezaji akatua kama alivyotua mara elfu zilizopita, goti likaingia ndani kidogo, ukasikika mlio kama wa kijiti kinachokatika, na msichana akaanguka bila kuguswa na mtu.

Watazamaji husema ni bahati mbaya, na wengine hutafuta aliyemsukuma. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba jeraha la namna hii lina sababu zinazoweza kuelezwa kwa fizikia na baiolojia ile ile inayofundishwa katika vidato vya chini, na kwamba likielezwa hivyo, twaona pia kwa nini laweza kupunguzwa. Hatusemi kukomeshwa. Mchezo usio na hatari yoyote haujabuniwa bado.

Umbile la goti

Goti ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote katika mwili wa binadamu, nacho kimewekwa mahali pagumu. Juu yake upo mfupa wa paja, ambao ndio mfupa mrefu kuliko yote mwilini. Chini yake upo mfupa wa muundi, ambao ni wa pili kwa urefu. Msomaji akumbuke somo la nyenzo: kani ndogo kwenye ncha ya wenzo mrefu huleta athari kubwa karibu na egemeo. Goti, basi, lipo baina ya nyenzo mbili ndefu, na kila kosa linalofanywa na nyonga kwa juu au na wayo kwa chini hulifikia.

Nyonga ina tundu lenye kina linaloishika ncha ya mfupa wa paja, kama kinu kinavyoshika mchi. Goti halina tundu la namna hiyo. Ncha mbili za mviringo za mfupa wa paja zimekaa juu ya uso wa muundi ulio karibu bapa, na baina yao mna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, viitwavyo meniska, ambavyo husaidia kutandaza uzito. Mbele ya goti ipo pia ya goti, iliyomo ndani ya kano la misuli ya mbele ya paja; kazi yake ni kulisogeza kano hilo mbali na egemeo ili misuli ipate nguvu zaidi ya kulinyoosha goti.

Kwa kuwa mifupa yenyewe haishikani, kazi ya kushika imeachiwa ligamenti na misuli. Ligamenti ni mkanda wa nyuzi ngumu unaounga mfupa na mfupa. Usichanganywe na kano, ambalo huunga msuli na mfupa. Kila upande wa goti una ligamenti moja, na katikati kabisa ya kiungo zimo mbili zinazopishana kama herufi X. Hizi huitwa ligamenti za msalaba, moja ya mbele na moja ya nyuma. Tutakayoishughulikia zaidi ni ile ya mbele. Urefu wake ni kiasi cha sentimita 3 tu, nayo huuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele na usijizungushe kupita kiasi chini ya paja. Katika maabara, ligamenti za vijana zilizovutwa polepole mpaka zikakatika zilistahimili kani ya takriban nyutoni 2,000, ambayo ni sawa na uzito wa watu watatu au wanne. Hiyo ni nguvu kubwa kwa kitu kisichozidi unene wa kidole kidogo, lakini tutaona punde kwamba uwanjani zipatikana kani kubwa kuliko hiyo.

Ligamenti hii ikishakatika katikati, kwa kawaida haiungi vizuri yenyewe kama uungavyo mfupa. Daktari mpasuaji aweza kutengeneza nyingine kwa kutumia kano lililotolewa mahali pengine katika mguu huo huo, na upasuaji wa namna hiyo hufanywa hata hapa nchini, mathalani katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Hata hivyo goti halirudi kuwa lile la awali. Mwaka 2004 watafiti wa Sweden walitoa habari za wanawake waliokuwa wameumia ligamenti hii wakicheza kandanda miaka 12 kabla. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 31 tu, na takriban nusu ya wale waliopigwa picha ya eksirei walikuwa tayari na ugonjwa wa kulika kwa gegedu za goti, ugonjwa ambao tumezoea kuuona kwa wazee. Jeraha la dakika moja katika kidato cha tatu, basi, laweza kumfuata mtu shambani, jikoni na kazini katika miaka yake yote ya nguvu.

Rula na milisekunde arobaini

Sasa tuangalie jeraha lenyewe. Kinyume cha watu wengi wanavyodhani, sehemu kubwa ya majeraha ya ligamenti ya msalaba ya mbele, kiasi cha saba katika kila kumi, hutokea bila mchezaji kugongwa gotini na mwenziwe. Hutokea anapotua, anaposimama ghafla, au anapokata kona kwa kasi. Mwaka 2010 watafiti wa Norway walichapisha uchunguzi wa picha za video za wanawake walioumia katika mpira wa mikono na mpira wa kikapu, zilizopigwa kutoka pande mbalimbali kwa wakati mmoja. Kwa kuzipima picha moja baada ya nyingine waligundua kwamba goti lilikuwa limenyooka kiasi mguu ulipogusa sakafu, kisha likaporomoka upande wa ndani na muundi ukajizungusha. Na kwamba ligamenti yaelekea ilikatika kiasi cha milisekunde 40 tu baada ya mguu kugusa chini. Milisekunde 40 ni sehemu 40 za elfu za sekunde.

Hebu tuulinganishe muda huo na jaribio ambalo huenda wanafunzi wengi wamekwisha kulifanya. Mwanafunzi mmoja hushika rula ikining'inia wima. Mwingine huweka kidole gumba na cha shahada pande mbili za alama ya sifuri bila kuigusa. Rula huachiwa bila taarifa, na yule wa pili huidaka. Wengi huidaka ikiwa imeshuka kiasi cha sentimita 20. Kwa kanuni ya mwendo wa kitu kinachoanguka, umbali ni nusu ya mchapuko mara muda kipeo cha pili. Tukichukua mchapuko wa graviti kuwa mita 10 kwa sekunde kwa sekunde, sentimita 20 zatupa muda wa sekunde 0.2, yaani milisekunde 200. Huo ndio muda ambao jicho, ubongo, uti wa mgongo na msuli huhitaji ili kuona jambo na kulitenda.

Sasa mwanafunzi afanye hesabu kwa upande wa pili: katika milisekunde 40 rula hushuka umbali gani? Jibu ni milimita 8. Kwa hiyo, mchezaji ambaye angetaka kuliokoa goti lake baada ya kuhisi kwamba limekwenda kombo ingembidi awe mtu awezaye kuidaka rula kabla haijashuka milimita 8. Hayupo mtu wa namna hiyo. Kweli, yapo matendo ya mwili ya papo kwa papo yasiyongoja ubongo, kama mkono unavyojiondoa motoni, nayo ni ya haraka zaidi. Lakini hata msuli ulioamriwa kwa njia hiyo huhitaji muda zaidi ili ukaze na kufikia kani ya kutosha.

Hapa ndipo kiini cha jambo hili lote. Kumwambia mchezaji "angalia goti lako" wakati wa mchezo hakusaidii, kwa sababu hana wakati wa kuangalia. Kinga yake sharti iwe tayari kabla mguu haujagusa ardhi: misuli iwe imekwisha kukaza akiwa bado hewani, na viungo viwe vimekwisha kukaa katika mpango ulio salama. Hilo halifanywi kwa kufikiri. Hufanywa kwa mazoea, kama mpiga ngoma asivyofikiri kila kiganja kinapoangukia.

Hesabu ya kutua

Tuchukue mchezaji mwenye kilo 50, yaani uzito wa nyutoni 500, ambaye kitovu chake cha uzito kimeshuka sentimita 30 kutoka kilele cha ruko lake mpaka nyayo zinapogusa chini. Baada ya hapo mwili huendelea kushuka kidogo huku ukisimamishwa na miguu. Kazi iliyofanywa na graviti katika mshuko wote sharti iwe sawa na kazi iliyofanywa na kani ya ardhi katika kuusimamisha mwili.

Ikiwa mchezaji ametua kwa miguu mikavu iliyonyooka, na mwili wake umeshuka sentimita 5 tu baada ya kugusa, basi mshuko wote ni sentimita 35. Nyutoni 500 mara mita 0.35, ukigawa kwa mita 0.05, ni nyutoni 3,500. Hiyo ni mara 7 ya uzito wake. Ikiwa badala yake ametua kwa kukunja nyonga, magoti na vifundo vya miguu, na mwili ukashuka sentimita 30 zaidi, mshuko wote ni sentimita 60: nyutoni 500 mara mita 0.60, ukigawa kwa mita 0.30, ni nyutoni 1,000. Mtu ni yule yule, ruko ni lile lile, na kani imepungua kuwa chini ya theluthi moja. Izingatiwe kwamba huu ni wastani. Kilele cha kani katika mchapo wa kwanza huwa juu kuliko hapo. Wanafunzi watatambua kwamba ndiyo sababu ile ile inayomfanya mtu arudishe mikono nyuma anapodaka yai.

Lakini ukubwa wa kani si jambo pekee. Mwelekeo wake nao ni muhimu. Kani ya ardhi hupanda kutoka wayoni. Ikipita katikati ya goti, mifupa huibeba bila taabu. Goti likiingia ndani, mstari wa kani hupita upande wa nje wa goti na kulisukuma lizidi kuporomoka. Chukua umbali wa sentimita 5 baina ya mstari huo na katikati ya goti, na mchezaji aliyetua kwa mguu mmoja. Kwa kani ya nyutoni 1,000 momenti ni nyutoni-mita 50, ambayo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 5 kwenye ncha ya ufito wa mita 1 uliofungwa gotini. Kwa kani ya nyutoni 3,500 ni nyutoni-mita 175, na mzigo wetu umekuwa wa kilo 17 na nusu. Ligamenti fupi za goti ndizo zitakazolipia, kama misuli haikuwahi.

Misuli yenyewe hailingani katika jambo hili. Misuli ya mbele ya paja huunyoosha mguu, na goti linapokaribia kunyooka msuli huo huuvuta muundi kwenda mbele, yaani kule kule ambako ligamenti ya msalaba ya mbele hukataza. Misuli ya nyuma ya paja huuvuta muundi kwenda nyuma, na hivyo huisaidia ligamenti. Lakini mguu ukiwa umenyooka, kano zake huwa karibu sambamba na muundi, na sehemu ya kani yake inayovuta kwenda nyuma huwa ndogo sana; goti likikunjwa, pembe huongezeka na msaada huwa mkubwa. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa kupasua kani katika vijenzi viwili hana haja ya kwenda mbali. Kutua kwa goti lililokunjwa, kwa hiyo, kuna faida mbili kwa pamoja: kani hupungua, na mlinzi wa ligamenti hupata nafasi nzuri ya kufanya kazi.

Na nyonga? Misuli ya ubavuni mwa nyonga ndiyo inayouzuia mfupa wa paja usianguke ndani mtu anaposimama kwa mguu mmoja. Ikiwa dhaifu, goti huingia ndani hata kama goti lenyewe halina kasoro yoyote. Watu wengi hununua soksi za mpira za kuvaa gotini. Sizikatazi, lakini mara nyingi kosa liko sentimita 40 juu ya soksi.

Suala la wasichana

Katika michezo inayochezwa na jinsia zote mbili, kama kandanda na mpira wa kikapu, wasichana huumia ligamenti hii mara mbili au zaidi kuliko wavulana, na tofauti hiyo huanza kuonekana katika umri wa kubalehe. Sababu zimejadiliwa sana. Mojawapo ni kwamba katika miaka hiyo mvulana huongezeka urefu, uzito na misuli kwa pamoja, hali msichana huongezeka urefu na uzito bila misuli ya nyonga na ya nyuma ya paja kuongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Nyenzo zimerefuka, lakini kamba za kuzishika zimebaki zilivyokuwa. Sababu nyingine haina uhusiano na maumbile: katika shule nyingi msichana huanza kufundishwa kuruka na kutua siku ile anapochaguliwa kuingia timu, ambapo mvulana amekuwa akikimbiza mpira wa makaratasi tangu utotoni.

Wapo watakaoyachukua maneno haya kuwa hoja ya kuwaondoa wasichana uwanjani. Wanakosea. Upungufu wa misuli na wa mazoea ni jambo la kufundishwa, na tuna ushahidi kwamba hufundishika.

Mazoezi yaliyopimwa

Mwaka 2006 kituo cha utafiti wa tiba cha shirikisho la kandanda la dunia, FIFA, kwa kushirikiana na wataalamu wa Norway na Marekani, kilitunga utaratibu wa kupasha mwili moto uitwao 11+. Una mazoezi 15, huchukua kiasi cha dakika 20, na hauhitaji chombo chochote ila mpira na vitu vya kuwekea alama. Ulipimwa nchini Norway kwa wasichana 1,892 wenye umri wa miaka 13 mpaka 17 kutoka vilabu 125. Vilabu viligawanywa kwa kura: vingine vikafuata utaratibu mpya, vingine vikaendelea na desturi yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba majeraha yote kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Kwa uaminifu yafaa isemwe pia kwamba majeraha ya miguu peke yake, ambayo ndiyo yaliyokusudiwa kupimwa kwanza, yalipungua, lakini si kwa kiasi cha kuondoa kabisa shaka kwamba huenda ni bahati nasibu.

Utafiti uliolenga ligamenti ya msalaba ya mbele hasa ulifanywa Sweden, nao ulitangazwa mwaka 2012. Wachezaji wa kike 4,564 wenye miaka 12 mpaka 17 walifuatwa kwa msimu mmoja. Wale 2,479 waliopewa mazoezi ya dakika 15 mara mbili kwa wiki walipata majeraha 7 ya ligamenti hiyo. Wale 2,085 wasiopewa walipata 14. Watafiti walipozingatia saa ambazo kila kundi lilicheza na tofauti nyinginezo, waliona kwamba hatari ilipungua kwa asilimia 64. Mwanafunzi wa hesabu na azikokotoe asilimia za makundi hayo mawili mwenyewe. Atapata 0.28 na 0.67, na atajifunza jambo lenye manufaa: tarakimu ya "asilimia 64" ni ya kweli, na vilevile ni kweli kwamba katika kila kundi wengi mno hawakuumia kabisa. Mwalimu ambaye ameona msimu mmoja bila jeraha hawezi, kwa hilo peke yake, kusema timu yake haina haja ya mazoezi.

Je, matokeo ya nchi za baridi zenye viwanja vya nyasi yatufaa sisi? Swali hilo ni la haki, na jibu la karibu nasi latoka Lagos, Nigeria. Huko utaratibu wa 11+ ulijaribiwa katika ligi ya vijana, kwa wavulana 416 wa miaka 14 mpaka 19 katika timu 20. Taarifa iliyotolewa mwaka 2014 ilionyesha kwamba timu zilizoufuata zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41, na majeraha ya miguu kwa asilimia 48.

Mazoezi yenyewe si ya ajabu. Huanza kwa kukimbia polepole, huku mchezaji akiinua goti na kulifungua nje, kisha kulirudisha ndani. Hufuata mazoezi ya nguvu. La kwanza ni kulala kifudifudi na kuuinua mwili juu ya viwiko na vidole vya miguu, mgongo ukiwa umenyooka kama ubao; kisha hivyo hivyo kwa ubavu. Lingine, ambalo wachezaji hulilalamikia sana na ambalo kwa maoni yangu ndilo la thamani kubwa, ni la misuli ya nyuma ya paja: mchezaji hupiga magoti juu ya kitu laini, mwenzake humshika barabara vifundo vya miguu, naye huinama mbele polepole kadiri awezavyo, mwili ukiwa umenyooka kuanzia magotini mpaka kichwani, huku akijizuia asianguke kwa misuli hiyo peke yake. Mwishoni hujipokea kwa mikono. Wanaoanza wasifanye zaidi ya mara 3 mpaka 5, maana kesho yake wataumwa.

Kisha huja kusimama kwa mguu mmoja. Mchezaji husimama goti likiwa limekunjwa kidogo, akirushiana mpira na mwenziwe. Baadaye mwenziwe humsukuma kidogo begani ili kumtikisa. Baada ya hapo ni kuchuchumaa nusu na kuinuka, kisha kuruka juu na kutua, kuruka ubavuni kwa mguu mmoja na kutulia, na mwisho kukimbia kwa kasi na kukata kona. Katika yote haya jicho la mwalimu litazame jambo moja: pia ya goti ielekee kule vidole vya mguu vinakoelekea, isiingie ndani. Kutua kuwe kwa ncha ya wayo kwanza, magoti na nyonga vikikunjika. Njia nyepesi ya kulisahihisha ni kumwambia mchezaji atue bila kutoa sauti. Kishindo husikika hata na mwalimu aliyegeuka upande mwingine.

Mazoezi haya hufanya kazi kwa kurudiwa. Timu iliyoyafanya kwa wiki mbili kabla ya mashindano ya UMISSETA kisha ikayaacha haijajenga mazoea yoyote. Yafaa yawe sehemu ya kila siku ya mchezo, badala ya ule mtindo wa kukimbia duru mbili za uwanja na kunyoosha viungo kwa dakika tatu. Kunyoosha si kubaya, ila hakumfundishi mtu kutua.

Jambo jingine tulipitie kwa ufupi. Mwili hustahimili kazi inayoongezwa polepole, na hukasirikia ile inayoongezwa ghafla. Mwanafunzi aliyekaa darasani mwezi mzima kwa ajili ya mitihani, kisha akapelekwa kambini kucheza asubuhi na jioni kila siku, analetewa maumivu ya goti kwa ratiba. Uwanja nao ukaguliwe kabla ya mchezo, mashimo yafukiwe na mawe yaondolewe. Na kiatu kinachoshika ardhi kupita kiasi si rafiki wa goti, maana wayo hubaki pale pale hali mwili wote umekwisha kugeuka.

Hapa naomba radhi niseme neno kuhusu adhabu. Kuruka kichurachura kuzunguka uwanja huliweka goti katika mkunjo wa mwisho kabisa, ambapo shinikizo nyuma ya pia ya goti huwa kubwa, tena misuli ikiwa imechoka na haiwezi tena kuongoza mwendo. Kupigishwa magoti juu ya kokoto nako ni kuumiza ngozi na kifuko cha majimaji kilicho mbele ya pia. Kichurachura cha adhabu si mazoezi, hata kikisimamiwa na mwalimu wa michezo. Tena wapo vijana, hasa wanaokua kwa haraka baina ya miaka 10 na 15, wenye uvimbe mgumu unaouma chini kidogo ya pia ya goti, pale kano linapojishikiza kwenye muundi ambao bado unakua. Hao huumwa wanaporuka na hasa wanapopiga magoti. Wengi hupona wakimaliza kukua, lakini kwa sasa wanaumwa kweli, na mwalimu asiwahesabu kuwa wavivu.

Goti likishaumia

Mchezaji aliyesikia mlio ndani ya goti, au ambaye goti lake limevimba katika saa chache za kwanza, au anayehisi linamtoka anapokanyaga, atolewe mchezoni na asirudi siku hiyo, hata akisema ameshapata nafuu. Uvimbe wa haraka namna hiyo mara nyingi ni damu iliyovujia ndani ya kiungo. Goti lifungwe kwa bandeji isiyobana mno, liinuliwe, liwekewe kitambaa cha maji baridi au barafu iliyofungwa katika nguo. Lisichuliwe kwa nguvu wala kuvutwa. Wachuaji wetu wana ujuzi wao, lakini goti lililojaa damu si la kuchuliwa. Mgonjwa apelekwe hospitali, na taarifa iandikwe namna alivyotua na mguu ulivyokuwa, kwa kuwa maelezo hayo humsaidia daktari. Hatari moja ni kwamba maumivu na uvimbe vyaweza kuisha katika wiki chache ilhali ligamenti imekatika; mchezaji akarudi uwanjani akidhani amepona, goti likamtoka tena, na safari hii meniska zikachanika.

Jaribio la darasani

Walimu wa fizikia na baiolojia waweza kulifanya jaribio hili kwa pamoja. Tafuteni kigoda au tofali zilizopangwa imara, zenye kimo cha sentimita 30, na simu yenye kamera. Mwanafunzi asiye na maumivu ya goti atiwe alama ya chaki kwenye pia za magoti na kwenye nyonga, asimame juu, kisha ajiachie na kutua kwa miguu miwili. Apigwe picha ya video mara moja kutoka mbele na mara moja kutoka ubavuni, penye fito lililotiwa alama za sentimita. Simamisheni picha mwili unapofikia chini kabisa. Kutoka mbele pimeni umbali baina ya alama mbili za magoti, mlinganishe na umbali baina ya vifundo vya miguu. Kutoka ubavuni pimeni alama ya nyonga imeshuka kiasi gani tangu nyayo kugusa chini, na mkokotoe wastani wa kani kama tulivyofanya hapo juu. Mtu asiambiwe atue kama kumpa adhabu wala kwa kelele za mashabiki, maana hatatua kama kawaida yake. Andikeni majibu ya darasa zima. Fanyeni mazoezi ya kutua mara tatu kwa wiki kwa wiki 6, kisha rudieni vipimo kwa wanafunzi wale wale, kwa kigoda kile kile, na aliyepima mara ya kwanza asionyeshwe tarakimu zake za awali.